Komeo la Ndani

Pasiansi, Mwanza
Jumamosi, alasiri

Mwanangu Minza,

Kama unaisoma barua hii, basi umekwisha kuukunjua mkeka wako. Nimeiviringisha humo makusudi, katikati kabisa, pamoja na kifurushi kidogo cha gazeti ambacho nakuomba usikifungue kwanza. Ningeweza kukupa mkononi kesho asubuhi pale stendi, ukipanda basi la Mpanda, lakini ungeisoma ndani ya basi kabla hujafika Shinyanga, ungenipigia simu, nami ningejibu "haya, safari njema" kama kawaida yangu, na mambo yangeishia hapo. Nimetaka ikufikie siku utakayopata sakafu. Sijui itakuwa lini. Huenda ni wiki ya kwanza. Huenda kazi zikawa nyingi, mkeka ukasimama nyuma ya mlango miezi kadhaa ukishika vumbi, na mimi huku nisijue. Hilo ndilo ninaloliogopa, na sababu yake ni mimi mwenyewe.

Wewe na mama yako mmekwenda Igoma kumuaga shangazi yako. Nyumba imetulia. Nimekaa humu stooni, juu ya ndoo niliyoipindua, karatasi nimeziweka juu ya gunia la michembe, vile viazi vikavu. Mwanga unaoingia kwa matofali ya matundu umekwisha kuondoka ukutani. Kwa saa hizi unakuwa juu ya magunia ya mkaa, kisha unapotea. Najua hivyo kwa sababu nimeuandika. Nitakueleza.

Mambo ya kuchemsha maji, kufunga chandarua na kupiga simu kila Jumapili baada ya misa, mama yako ameyamaliza. Sina la kuongeza. Mimi nilifundisha jiografia miaka thelathini na mmoja, na watu hudhani mwalimu ni mtu wa majibu, lakini kuhusu mkeka huu nimekuwa mwanafunzi wa nyuma kabisa, yule anayenyoosha mkono wenzake wakiwa wamekwisha kutoka darasani.

Nianze pale uliporudi kutoka chuo. Ulikuja na cheti cha maabara na mgongo wa bibi. Ulipoanza kazi hapa mjini, saa nane kwa siku ukiinamia hadubini, ulikuwa ukifika jioni unakaa kwenye kiti cha jikoni na kushindwa kuinuka bila kushika meza. Mtaalamu wa viungo pale hospitali ndiye aliyekuonyesha mikao ya kwanza, halafu mwenzako wa kazini akakupa mkeka huu wa bluu. Baada ya wiki tatu niliona unainuka bila kushika meza. Hilo niliona. Naomba uliandike upande wangu, kwa sababu yanayofuata hayaniandikii vizuri.

Uliniomba chumba cha wageni. Asubuhi tu, nusu saa, kabla ya kazi. Nikakataa. Nilisema kile ni cha wageni. Ukaniuliza kwa upole, "Wageni gani, baba?" Nikajifanya natafuta miwani. Tangu uzaliwe hujawahi kuona mtu akilala katika chumba kile zaidi ya mara nne, na unajua kwamba shuka zake hubadilishwa kila mwezi, na kwamba mimi ndiye ninayezibadilisha. Lilikuwa swali zuri. Nitalijibu kwenye barua hii, nimechelewa miaka miwili.

Nilikupa sebule. Kila asubuhi ulisogeza meza, ukakusanya vitambaa alivyofuma mama yako ili usivichafue, ukatandaza, na ukimaliza ukarudisha kila kitu mahali pake kama mwizi mwenye adabu. Mimi nilikuwa napita. Napita na kikombe, napita na gazeti, napita kutafuta nisichokijua. Siku moja nilikukuta umelala chali, mikono imeachana na mwili, viganja vikitazama dari. Nikauliza mkao huo unaitwaje.

"Huu? Wa maiti, baba."

"Wa nini?"

"Wa maiti. Unalala kama umekufa. Ndio mgumu kuliko yote."

Nilicheka. Kwa kweli niliogopa. Siyo yoga niliyoiogopa. Nimesoma kuhusu Uhindi zaidi ya watu wengi wa mtaa huu na najua kwamba mtu anaweza kunyoosha mgongo bila kubadili dini. Niliogopa watu. Nilikuwa nimekwisha kuona kichwani jinsi habari itakavyotembea: binti wa Mwalimu analala sebuleni kama maiti kila asubuhi, na baba yake anapita juu yake na chai.

Na watu wakaja. Unakumbuka Jumamosi ile. Mwenyekiti wa jumuiya yetu, Mzee Malongo, alikuja kuulizia zamu ya kusali nyumbani kwetu. Hodi ya watu wetu unaijua: inafika pamoja na viatu. Aliitamka akiwa amekwisha kuvuka pazia, na alipoinua macho, wewe ulikuwa sakafuni, chali, macho umefumba, viganja juu. Akavua kofia. Nilimwona anaivua, mama, kama mtu anavyofanya msibani. Akanigeukia kwa sauti ya chini akauliza, "Mwalimu, kuna nini?"

Nilikuwa na maneno mengi ya kweli mdomoni. Ningeweza kusema anafanya mazoezi ya mgongo. Maneno manne. Nikasema, "Hajisikii vizuri."

Ulifumbua macho ukanitazama kutoka chini. Sijasahau namna ulivyonitazama. Hukukasirika. Ulikuwa kama mtu aliyesikia jina lake likisomwa kwenye orodha isiyo yake.

Yaliyofuata umeyacheka mara nyingi na mama yako, na mimi nimecheka nanyi, kwa hiyo tumefanikiwa kuyageuza kichekesho. Lakini hebu niyaandike mara moja kama yalivyokuwa. Kesho yake baada ya misa walikuja akina mama saba wa jumuiya na uji wa ulezi kwenye chupa mbili za chai, machungwa, na rozari. Mama yako alinivuta jikoni akaniambia kwa kunong'ona, "Umemuugulisha mtoto mzima. Sasa nenda ukamponye." Sikukuponya. Nilikwenda chumbani kwako nikakuomba ulale. Wewe, mtu mzima, mtaalamu wa maabara, ulijifunika shuka saa saba mchana kwenye joto la Februari, ukawekewa mikono kichwani, ukaulizwa kama umepima malaria, wewe unayepimia watu malaria. Ukajibu kwa heshima. Ukanywa uji. Walipoondoka ulikunja shuka, ukaviringisha mkeka, ukauhamishia stooni.

Sikukuuliza kwa nini. Nilijiambia kwamba umependa mwenyewe.

Miezi mitano nilikuwa nikiingia humu kuchukua mkaa na kukuta alama zako tu: mkeka umesimamishwa pembeni, magunia yamesogezwa upande mmoja na kufunikwa kitenge cha zamani cha mama yako, sakafu imefutwa kwa kitambaa chenye maji. Nikadhani unahitaji msaada. Hapa ndipo nilipofanya makosa ya aina nyingine, yale ya mtu mwenye nia njema. Nilikuletea saa ya ukutani ili usichelewe kazini. Baada ya siku mbili niliikuta jikoni. Nikaleta dawa ya kupuliza yenye harufu ya maua; nikaikuta chooni. Nikatundika ile picha ya maporomoko ya maji tuliyopewa kwenye kalenda. Ikaenda chumbani kwa mama yako. Nikaleta redio ndogo, nikakwambia kuna kipindi cha nyimbo tulivu alfajiri. Ukasema, "Asante, baba," na redio ikarudi kitandani kwangu, betri zikiwa zimetolewa na kufungwa vizuri kwa mpira.

Ile redio ndiyo iliyonizindua. Niliishika nikajiuliza, kwa mara ya kwanza nikiwa na hamu ya kweli ya kujua: kumbe anatafuta nini humo ndani? Ni kitu gani hicho ambacho kila nikikiongezea kinapungua?

Basi siku moja ulipokwenda kazini nilichukua daftari nikaingia humu kama nilivyokuwa nikiwapeleka wanafunzi kupima mvua. Nilikaa saa nzima asubuhi, mara tu ulipotoka, na nyingine alasiri. Kesho yake tena. Wiki nzima. Nina kurasa kumi na moja. Usicheke.

Niligundua kwamba chumba hiki kidogo, nilichokijenga mimi kwa matofali yaliyobaki na kukiona takataka, ndicho pekee katika nyumba yetu ambacho hakina kitu cha kutazamwa. Sebule imejaa vitu vinavyosema: kabati la vyombo linasema tuna vyombo, picha za kipaimara zinasema tumelea. Humu hakuna anayesemwa. Niligundua kwamba upepo wa ziwani huingia kwa matundu ya juu kabla jua halijapanda, una harufu ya majani mabichi na dagaa kwa mbali, halafu hugeuka. Niligundua kwamba kelele siyo kitu kimoja. Karakana ya kuchomelea ya jirani ina kelele kubwa, lakini haikunisumbua, kwa sababu haisemi na mimi. Jogoo vivyo hivyo. Ndege korongo wakitembea juu ya bati, nilikuja hata kuwasubiri. Lakini mama yako akiita "Mwalimu" mara moja tu, kwa sauti ndogo, kutoka uani, utulivu wote unamwagika. Nikaandika: kelele inayosumbua ni ile inayojua jina lako. Sina hakika kama ni kweli kila mahali. Ukifika Mpanda nichunguzie.

Niliona pia jiwe lako. Lile jeusi la ziwani, laini, umeliweka pembeni mwa ukuta. Sijui la nini. Nililiinua nikalirudisha likitazama upande uleule.

Lakini kulikuwa na jambo moja sikulielewa. Mkeka uliacha alama sakafuni, mstari mwembamba wa vumbi kuuzunguka, na alama ile ilikuwa imekaa mshazari. Haikulingana na ukuta wala na mwanga. Mtu anayependa mpangilio kama wewe, ambaye hata betri unazifunga kwa mpira, kwa nini alaze mkeka upogo? Nilifikiria mteremko wa sakafu. Nikaweka gololi, haikuviringika. Nilifikiria matone ya bomba la bafuni nyuma ya ukuta. Nilifikiria upande jua linakochomoza, kwa kuwa nilisoma mahali kwamba wengine huzingatia hilo. Hakuna kilicholingana.

Siku ya sita nilitandaza mkeka juu ya alama yake, nikavua viatu, nikalala chali. Ilinichukua muda kufika chini. Uzee una ngazi zake. Nikaachanisha mikono, nikageuza viganja. Nikafumba macho kama ulivyokuwa ukifanya sebuleni. Nikayafumbua. Macho yangu, bila mimi kuyaelekeza, yaliangukia kwenye mlango.

Ni ule mshazari tu unaowezesha hilo. Ukilala sambamba na ukuta, magunia yanauziba mlango. Ukilala upogo, unauona wote, kuanzia bawaba hadi ufa wa chini ambako vivuli vya miguu hupita.

Ulikuwa unalala ukilinda mlango, mwanangu. Sebuleni, kabla ya Jumamosi ile, ulikuwa ukigeukia dirisha na kufumba macho. Mlango huu una kitasa na kufuli la nje tu, kwa sababu stoo hufungwa ili vitu visitoke, hakuna aliyewahi kufikiri kwamba kuna mtu ndani atakayetaka watu wasiingie. Na aliyekuwa akiingia ni nani? Mzee Malongo hakuwahi kukanyaga humu. Ni mimi, nikitafuta jembe, nikitafuta mkaa, hodi yangu na miguu yangu vikifika pamoja.

Sikuandika kitu katika daftari siku hiyo.

Mchana wake nilikwenda dukani nikanunua komeo. Nililifunga kwa ndani, nikakosea mara ya kwanza nikaliweka juu mno, ndiyo maana kuna yale matundu manne ambayo hukuyauliza. Sikukwambia. Asubuhi iliyofuata nilisimama jikoni na kikombe changu, sikupita popote, nikasikia chuma kikiteleza. Kisha kimya. Siku ya nane tangu nilifunge komeo, nilipoingia kuchukua mkaa, wewe ukiwa kazini, alama ya vumbi ilikuwa imehama. Kichwa kwenye matundu ya upepo, ubavu kwa mlango. Imenyooka na ukuta.

Sijapata barua ya mtu yeyote iliyonifurahisha kama mstari ule wa vumbi.

Basi nikaona siwezi kuishia kwenye komeo. Zamu ya jumuiya kusali kwetu ilipofika tena, wewe ukiwa kazini, nilisimama baada ya sala nikasema ninalo la kusema. Nikawaambia Minza hakuwa mgonjwa. Alikuwa akifanya mazoezi yanayoitwa yoga, niliona aibu, nikadanganya, nikamlaza mtoto kitandani na kuwanyima ukweli watu waliokuja na uji. Mzee Malongo alitazama kofia yake. Mama Pendo, mmoja wa wale saba wa uji, ndiye aliyejibu, na alijibu akimenya chungwa.

"Mwalimu, tulijua. Mgonjwa gani ana mashavu yale?"

Nikauliza basi kwa nini walikuja.

"Uji ulikuwa umeshapikwa," akasema. Halafu, wakati wengine wakicheka, akauliza kama mazoezi hayo yanafaa magoti.

Ndivyo Mama Pendo alivyoanza kuja Jumatano. Ulidhani mama yako ndiye aliyemwita. Nilikuwa nasikia kutoka uani mnavyocheka humu ndani, na sauti yake ikisema, "Minza, huu mguu siyo wangu, nani kauweka hapa?" na komeo likifungwa na kufunguliwa. Kila mara lilipofungwa nilijisikia vizuri.

Sasa nijibu swali lako. Wageni gani.

Nilikuwa darasa la tatu tulipoambiwa tuhame mji wetu, kule ng'ambo ya Misungwi, twende kijiji kipya ambako nyumba zilipangwa kwa mstari. Ilikuwa hivyo nchi nzima, sina haja ya kukufundisha historia. Kaka yangu Masanja alikuwa mbali machungani na ng'ombe wa babu yako, safari ya wiki kadhaa kufuata majani. Hakukuwa na namna ya kumpelekea habari. Siku ya kuondoka, gari likiwa limefika na watu wakingoja kuondoa paa, bibi yako alichukua ufagio akaingia ndani, akafagia nyumba yote, pembe kwa pembe. Babu yako akamwambia, "Unafagia nini, na wanaibomoa?" Akajibu, "Masanja akirudi asikute uchafu."

Masanja alirudi. Majirani waliobaki nyuma siku chache walisema alisimama penye kiwanja, akauliza tulikokwenda, wakamwonyesha kwa mkono. Hakufika. Wengine walisema aliungana na watu waliokuwa wakiswaga ng'ombe kuelekea kusini, kule Rukwa na Mpanda. Hatukujua zaidi ya hapo. Babu yako, katika nyumba mpya, aliweka kitanda cha kamba chumba cha mbele, karibu na mlango. Alipofariki nilikichukua. Nilikwenda nacho kila shule niliyopangiwa. Kilipovunjika nilinunua kingine. Nilipojenga hapa Pasiansi, chumba cha kwanza kupewa mlango kilikuwa kile.

Nilidhani hiyo ni heshima. Huenda ilikuwa. Lakini nilipokuwa nimelala juu ya mkeka wako nikiutazama mlango, niliutambua ule mkao. Niliujua kwa mwili. Nyumba hii nzima, mama, nimeilaza mshazari. Kiti changu sebuleni kinatazama mlango. Nikila natazama mlango. Na kila anayeingia ambaye si Masanja, kwa nukta moja namchukia kidogo, kisha namkaribisha kwa kelele ili asijue. Kumbe ndiyo sababu Mzee Malongo alinishtua kiasi kile. Mtu aliyekaa akilinda mlango miaka hamsini, mlango ukifunguka ghafla hana la kweli la kusema.

Wewe ulilijua hilo kwa miezi mitano tu, ukasogeza mkeka mara ulipopata komeo. Najiuliza sana ulifanyaje. Je, ulihisi mabadiliko mgongoni au kichwani? Ulifumba macho siku ya kwanza, au ilikuchukua siku zote nane? Ni mambo ambayo nilitaka kukuuliza mezani nikaishia kukuuliza kama chumvi inatosha.

Kazi yako imekupeleka Mpanda. Uliposoma ile barua ya ajira kwa sauti, mama yako alinitazama mimi. Sikutumi ukamtafute Masanja. Nakuomba kabisa usimtafute. Ukikutana na mzee wa kwetu sokoni, mwamkie shikamoo kama wazee wengine, uendelee na safari yako. Sitaki uende ukaishi huko ukitazama milango ya watu kwa niaba yangu.

Nakutaka utafute sakafu. Utapewa nyumba yenye vyumba viwili, au kimoja, sijui. Watakaokukaribisha watakushauri uanze na makochi. Ni watu wema, wasikilize kwa heshima. Lakini kabla hujaweka kitu chochote, kaa ndani ya chumba kitupu asubuhi moja na daftari. Tazama mwanga unaingilia wapi na unakaa kwa muda gani. Sikiliza kelele zipi zinakujua jina. Bibi yako alipofika kijiji kipya, kabla ya kushusha chungu, alifagia. Nilidhani ni usafi, sasa nadhani alikuwa akikisoma chumba kwa ufagio. Mengine utayajua wewe. Mimi najua kosa moja tu vizuri, nalo ni la mlango.

Jana nilimwambia mama yako kwamba kesho tukirudi kutoka stendi nitafungua kile kitanda na kukitoa. Nilidhani atashangaa. Aliendelea kuchambua mchele. Akasema, "Foronya zake nazitaka, ni mpya kuliko zetu." Baadaye kidogo akasema, "Shemeji akija nitampisha kwangu, wewe utalala sebuleni." Kwa hiyo limepangwa. Masanja akija atapata kitanda, na mimi ndiye nitakayekuwa mgeni. Chumba kitafagiwa, kitabaki kitupu. Mama Pendo ameomba Jumatano asikose mahali, nami nimeanza kufika chini bila kushika ukuta. Ukija likizo utakikuta. Ni chako, asubuhi yote, siyo nusu saa.

Niliona aibu juu yako mbele ya mtu, Minza, na wewe ulikuwa hujafanya lolote la aibu. Ulikuwa ukijitibu. Nisamehe. Nimeiandika sentensi hiyo mara tatu kwenye karatasi nyingine, na kila mara nilikuwa nimeongeza sababu. Hapa nimeziacha.

Sasa fungua kifurushi. Ni komeo, aina ileile, na skrubu nne, na bisibisi ya mpini mwekundu uliyokuwa ukiitafuta. Lifunge usawa wa kifua, usikosee kama mimi. Kwa ndani.

Nikija kukutembelea, nitabisha hodi mara moja. Kisha nitakaa nje, popote palipo na kivuli, mpaka umalize.

Baba yako